Ngoma ya umeme na mukono wa mutu

Katika vijitabu vyetu tumeongea mara nyingi juu ya ngoma za wazee. Leo tunaongea juu ya ngoma isiyotoka ku muti: Wavedrum, ambayo kampuni Korg ya Japani ilitoa mwaka 1994. Hatutaki kuisifu bure wala kuitukana. Tunataka kuipima sawa vile tunapima mupiga ngoma.

Kwanza tuangalie ndugu yake mukubwa. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashini ya kwanza yenye sauti za ngoma za kweli zilizorekodiwa kidijitali. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000. Ilikuwa na sauti 12, kati yao makofi, kabasa na konga mbili. Matoazi makubwa hayakuwamo: sauti yao ni ndefu, na kumbukumbu ya mashini wakati ule ilikuwa bei kali. Unafinya kifungo, sauti inatoka. Ukifinya kwa hasira ao kwa upole, ni moja.

Wavedrum ilileta jambo lingine. Iko na ngozi ya kupigwa kwa mukono ao kwa fimbo, na ukingo nao unapigwa. Vifaa vidogo vinashika mutetemo wa pigo, kisha kompyuta ya ndani inatengeneza sauti kutoka mutetemo ule ule, papo hapo. Ukikwaruza, inakwaruza. Ukifinya ngozi, sauti inageuka. Tuseme ukweli: ni kazi ya akili nyingi. Mashini hii inasikia mukono.

Lakini kusikia mukono si kusikia watu. Mu ndoa moja ya Kamalondo tuliona mupiga kinanda akiachilia mapigo ya mashini yaende yenyewe. Wamama wazee waliingia kucheza, wakataka mwendo wa polepole. Mashini iliendelea na mbio zake. Nyimbo mbili, wakaenda kukaa. Mama mumoja alituambia: « Ile kintu inapika muzuri, lakini haituone. » Wavedrum ingefuata mukono, ndiyo. Lakini mukono wenyewe ungefuata nini, kama haukufundishwa kuangalia miguu ya wachezaji?

Hapa kwetu mapigo hayakukaa mu chombo kimoja. Katika rekodi za gitaa za Katanga za miaka ya 1950, kama zile za Edouard Masengo, mara nyingi chupa tu iliyogongwa ilishika mwendo. Karindula nayo ni pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne: takataka ya muji wa migodi iliyopata sauti. Chupa ile haimo kati ya sauti 12 za LM-1. Hatumulaumu Linn, kila fundi anatia ndani yale aliyoyasikia kwao. Kosa litakuwa letu kama sisi wenyewe hatuyatii popote.

Basi, vijana wanunue mashini kama feza iko. Lakini wajifunze kwanza chupa, pipa na ngoma mbele ya wachezaji. Na musomaji mwenye muzee nyumbani anayejua kugonga chupa, amulete tumurekodi. Tusingoje matanga yake.