Inasemekana na Nani?

Nikiwa kidato cha tatu, katika shule ya kutwa huku Tseikuru, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni: "People believe that she is a witch." Tuliambiwa tuiandike upya tukianza na "She". Ukipitia KCSE unazijua hizo za kuandika upya kulingana na maagizo. Jibu ni "She is believed to be a witch." Kabla hatujashika kalamu, kijana mmoja wa nyuma akataja jina la mama mjane aliyeishi karibu na kisima. Darasa lote likacheka. Mimi nikataka nionekane mcheshi zaidi, kwa hivyo mahali pa "She" nikaliandika jina lake. Madaftari yaliporudi nilikuwa nimepewa tiki. Sarufi ilikuwa sawa kabisa.

Tiki hiyo imenisumbua miaka mingi kuliko mtihani wenyewe. Hebu tuiangalie ile sentensi polepole.

Sentensi ya kwanza ina watu. Unaweza kuwauliza maswali: watu gani, wangapi, waliona nini? Sentensi ya pili watu wameshaenda zao. Aliyebaki ni mama, amesogezwa mbele ya sentensi peke yake, na uchawi wake umekuwa kama kimo chake au rangi ya leso yake. Kiingereza kinakuruhusu kuwarudisha wale watu kwa neno "by", lakini karibu hakuna anayefanya hivyo. Tulifunzwa kwamba bila "by" sentensi ni safi zaidi. Is said to be, is thought to be, is believed to have. Tulizikariri kama nyimbo za gwaride.

Wengi wetu tunapenda kulalamika kwamba magazeti ya Kiswahili yameiga ugonjwa huu: anasemekana, anaaminika, anatajwa kuwa, anadaiwa. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Kiswahili kilikuwa na mlango wake wa kutorokea, na kufuli lake ni zuri kuliko la Mwingereza. Kumbuka darasa la sarufi: kuna kauli ya kutendwa na kuna kauli ya kutendeka. Katika kutendwa, mtendaji anaweza kurudi: "imesemwa na Juma." Katika kutendeka harudi ng'o. Jaribu kusema "inasemekana na Juma" uone kama ulimi utakubali. Neno lenyewe linakataa kuwa na mwenyewe. Jambo limejisema tu, kama sufuria inavyopasuka jikoni na kila mtoto anaapa hakuigusa.

Halafu kuna "anadaiwa", ambalo mimi nalipenda kwa sababu linajisaliti. Anayedaiwa kuiba na anayedaiwa pesa ni neno moja. Ukishaandikwa kwamba unadaiwa, tayari una deni, na wewe ndiwe utakayezunguka ukilipa wakati aliyedai amekaa kwake. Lugha ya nyumbani ni nyoofu zaidi. Shangazi akikwambia "unasemwa huko sokoni", unajua papo hapo kuna midomo, na ukitaka kuijua utaenda sokoni.

Sasa kabla mwandishi wa habari hajanirukia: najua. Kesi ikiwa mahakamani huwezi kuandika kwamba mtu ameiba. Lakini hapo mdai anajulikana. "Polisi wanadai aliiba" inakulinda sawasawa, na polisi wanabaki na mzigo wao. Pia siko upande wa George Orwell, aliyewaambia waandishi mwaka wa 1946 wasitumie kauli ya kutendwa pale wanapoweza kutumia ya kutenda. Hiyo kanuni imerusha jiwe mbali na nyoka. "Nilizaliwa Tseikuru" ni kutendwa na haifichi kitu. Kila mtu anajua palikuwa na mama. Shida ni vitenzi vya kichwani: kuamini, kudhani, kuona, kushuku. Hivi vinahitaji kichwa cha kukaa ndani yake. Ukiandika "anaaminika" bila mwenye kuamini, msomaji hawezi kujua kama ni watu elfu moja au ni kijana mmoja wa nyuma ya darasa.

Chukua mtu maarufu kuliko wote waliotoka huku kwetu. Kalonzo Musyoka alizaliwa Tseikuru mwaka wa 1953. Tangu kura ya maoni ya Agosti 2010, kijani ilipokuwa Ndiyo na nyekundu ikawa La, ameitwa tikiti maji: kijani nje, nyekundu ndani. Soma uchambuzi wowote wa siasa na utakutana na familia ile ile: anaonekana kigeugeu, anachukuliwa kuwa mwoga, is seen as indecisive. Mimi si wakili wake na sijaandika haya kumwombea kura. Ila pima sentensi mbili. Ya kwanza: "Kalonzo anaonekana kuwa mwoga." Ya pili: "Namwona ni mwoga, kwa sababu tarehe 30 Januari 2018 Raila alipojiapisha Uhuru Park, yeye hakufika." Ya pili ni kali zaidi, lakini inajibika. Mfuasi wake anaweza kusema alikuwa na busara ya kuepuka damu, na hapo tunabishana kama watu. Ya kwanza utaibishia na nani? Mchambuzi amejificha nyuma ya macho ambayo hakuyahesabu. Mara nyingi ni macho yake mawili.

Kalonzo ana walinzi na mawakili, atakuwa sawa. Wengine hawana. Mei 2008, huko Kisii, watu 11 waliteketezwa kwa moto. Habari ilipozunguka dunia iliwaita washukiwa wa uchawi. Isome tena kwa jicho la sarufi: washukiwa wa uchawi wauawa. Kuna vitenzi viwili vya kutendwa hapo: walishukiwa, waliuawa. Walishukiwa na nani? Na wale wale waliowaua. Mwandishi pengine alidhani anajihadhari, kwamba "washukiwa" ni neno la kistaarabu. Kumbe amechukua neno la wenye kiberiti, akalifuta jina la mwenyewe, na akalibandika kwa maiti kama kitambulisho.

Sisi Wakamba tunalo funzo letu la zamani kuhusu hili. Mwaka wa 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Ukambani kwa kumuua mwanamke waliyesema amemroga mke wa mmoja wao. Adhabu ya kunyongwa baadaye ilibadilishwa ikawa kifungo. Kesi hiyo inabishaniwa hadi leo: sheria ya nani ilimhukumu nani. Lakini kitu kimoja ilifanya ambacho magazeti hayafanyi. Iliifungua ile "aliaminika kuwa mchawi" na ndani yake wakapatikana wanaume 60, kila mmoja na jina lake na la baba yake.

Na kabla hatujajiona watakatifu kwa kuwa Kenya nzima hucheka Kitui kwa hadithi za kamuti na nyuki wanaomfuata mwizi, tujikague. Ukitoka Tseikuru kuelekea mto Tana unaingia nchi ya ngamia, na malisho na maji yameleta vita vya mara kwa mara kati ya wakulima wetu na wafugaji. Shambulio likitokea, hata kabla jua halijachomoza, tayari tunasema "wanaoaminika kuwa Wasomali." Jioni yake kijana anapita barabarani na ngamia wake, hajui lolote, na anatazamwa na kituo kizima. Tumeiandika sentensi ya ubaoni, tumebadilisha jina tu.

Nilianza kuyawaza haya sikiwa na lengo la kuandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikwama na mimi nikakwama nayo. Niliporudi nyumbani nilikuta nimeshaandikwa upya kulingana na maagizo. Inasemekana alichizi. Inasemekana ni bangi. Inasemekana kuna msichana alimpa mimba huko Nairobi. Binamu yangu aliyaleta haya yote kwa susu akiwa amekaa jikoni, kwa sauti ya huruma. Nyanya yangu hajasoma sarufi ya lugha yoyote. Aliendelea kupepeta pojo, kisha akauliza neno moja la Kikamba: "Nũũ?" Nani? Binamu akasema, ni watu tu. Susu akamwambia akamlete mmoja wa hao watu, amchemshie chai. Habari ikafia pale pale.

Nilimuuliza susu siku hiyo kuhusu yule mama wa kisimani, maana nyumba yake nilikuta imebaki kuta. Akaniambia alihamia kwa binti yake Mwingi. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Alichoka kuteka maji peke yake, mwanangu. Akifika na punda wake, wengine wanaondoa mitungi."

Sikumwambia kuhusu daftari. Lakini najua zile sentensi hazikubaki shuleni. Tulizibeba nyumbani saa kumi jioni, tukapita nazo pale kisimani. Sheria ya uchawi ya Kenya ni ya 1925, na imefanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Hakuna mtu angetushtaki sisi, kwa sababu kwenye sentensi yetu hatukuwepo.

Kwa hivyo nimelifanya zoezi upya, miaka kumi baadaye, kinyumenyume. Anza na mtendaji. "Mimi na wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu tulisema mama huyu ni mchawi, na hatukuwa tumeona kitu." Jina lake safari hii nimeliacha nje. Yangu ndiyo iliyokuwa imekosekana.