Glasi ya Maji Haizijui Nywele Zako: Tunakosoa Somo la 4C Likifika Ngara na Biharamulo

Msomaji, ukitafuta "nywele asilia" kwenye simu ukiwa Rulenge au Nyakanazi, utaletewa somo lile lile analoletewa mtu wa Atlanta. Kwanza ujue namba yako: wewe ni 4A, 4B au 4C? Pili, tumbukiza unywele kwenye glasi ya maji. Tatu, nunua chupa kadhaa, osha, paka, subiri. Leo tunalikagua somo hilo kama tunavyokagua dai lolote la kisayansi: linasema nini, ushahidi wake uko wapi, na linamfaa nani?

Tuanze kwa kulitendea haki. Limewaambia mabinti wengi kwamba nywele za kipilipili si ugonjwa unaohitaji dawa, na hapo sayansi iko upande wake. Dawa kali za kulainisha zina alikali ya pH 12 na zaidi, wakati ngozi yako iko karibu na 5.5. Alikali hiyo inavunja vifungo vya salfa vinavyoshikilia keratini, yaani protini ya unywele, na vifungo hivyo havirudi kama vilivyokuwa. Ndiyo maana kichwa kinaungua na nywele zinakatika. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 walikadiria kwamba wanaotumia bidhaa za kunyoosha nywele mara kwa mara wana uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba wafikapo miaka 70, dhidi ya asilimia 1.64 kwa wasiozitumia. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, sawa, lakini si jambo la kupuuza.

Sasa kasoro. Zile namba zilitokana na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, aliyezieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1997. Ni lugha ya saluni, si kipimo cha maabara. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walipima mikunjo yenyewe wakapata makundi manane. Tena kichwa kimoja kinaweza kuwa na mikunjo tofauti kisogoni na utosini. Kwa hiyo usikose usingizi kwa sababu hujui kama wewe ni B au C.

Na glasi je? Wanasema unywele ukizama, unanyonya maji sana, ukielea, haunyonyi. Ngoja kwanza. Uzito wa unywele ni karibu gramu 1.3 kwa kila sentimeta ya ujazo, maji ni gramu 1. Kwa hesabu hiyo kila unywele ulipaswa kuzama! Unaelea kwa sababu ya mvutano wa uso wa maji, mafuta uliyopaka jana, au viputo vya hewa. Glasi inakupimia mafuta ya jana, basi.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba somo hili halimjui mwanafunzi wake. Katika shule nyingi za serikali hapa nchini, msichana hukata nywele mpaka amalize. Binti wa Ngara anaanza kuzijua nywele zake akiwa na miaka kumi na saba au kumi na nane. Zikichelewa kuonekana ndefu, anaambiwa "hizo hazikui", halafu anapelekwa kuweka dawa. Ukweli ni huu: utafiti wa mwaka 2001 ulipima nywele za Waafrika zikikua wastani wa milimita 0.26 kwa siku, karibu sentimeta 9 kwa mwaka. Zinakua, ila zinajikunja, na zinakatika pale kwenye kona za mkunjo, hasa ukizichana kavu kwa kitana cha meno madogo. Hilo ndilo lilipaswa kuwa somo la kwanza.

Halafu kuna maji. Mtu anayebeba dumu la lita 20 kutoka kisimani, kiangazi cha Juni hadi Agosti, hawezi kufuata ratiba iliyotungwa na mwenye bomba bafuni. Na hahitaji. Kinachohitajika ni kulowanisha nywele kidogo, kuzigawa mafungu, kuchana taratibu kuanzia nchani kwa chanuo la meno mapana, kisha kupaka mafuta juu ya unyevu. Mafuta hayaongezi maji, yanayachelewesha tu yasiondoke. Kwa kazi hiyo hata mafuta ya mgando yanafaa, ingawa mtandaoni yanaitwa sumu. Mafuta ya nazi yana sifa ya ziada: utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha yanaingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya madini hayakuweza.

Kuna kitu kingine somo hili limekipita bila kukiona: uzi. Bibi anaposuka nywele mbichi kwa uzi mweusi, asubuhi zimenyooka bila moto. Kemia yake ni safi kabisa. Maji yanalegeza vifungo vya haidrojeni ndani ya keratini. Nywele zikikauka zikiwa zimevutwa, vifungo vinajifunga upya kwa umbo hilo. Mvua ikikunyeshea, vinalegea tena, kipilipili kinarudi. Vifungo vya salfa havijaguswa. Ila usikaze! Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa wamepoteza nywele za pembeni kwa sababu ya kuvutwa, na hatari ilizidi pale nywele zenye dawa ziliposukwa. Rasta ikiuma, mwambie msusi alegeze palepale.

Uamuzi wetu? Somo la 4C chukua moyo wake, acha vifaa vyake. Mwaka 2023 Tina Lasisi na wenzake walitumia sanamu yenye joto la mwili na kuonyesha kwamba nywele zilizojikunja sana ndizo zinazokinga kichwa na joto la jua vizuri zaidi. Kwa nchi ya jua kama yetu, hiyo si habari ndogo.

Ombi letu ni kwa walimu. pH na vifungo vya kemikali mnavifundisha tayari, Ngara na Biharamulo, mbele ya vichwa vilivyonyolewa. Ongezeni dakika kumi juu ya dawa ya nywele kabla binti hajamaliza kidato cha nne. Mwezi unaofuata anaweza kuwa ameshakaa kwenye kiti cha saluni.