Huru, bure, nafasi, bila: jinsi Mchina anavyofundishwa "free"

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Bunda au Butiama hukutana na kivumishi "free" wakati uleule Kiingereza kinapogeuka kuwa lugha ya kufundishia, na tafsiri inayomjia kwanza ni "huru". Si tafsiri mbaya, na katika mkoa alikozaliwa Nyerere ina mizizi mirefu: vitabu vyake Freedom and Unity (1966) na Freedom and Socialism (1968) vilitoka na majina ya Kiswahili pia, Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa. Lakini majina hayo yana nomino, si kivumishi. "Freedom" ni uhuru karibu kila mahali. Haimaanishi kutolipa wala kuwa na wakati. Kivumishi kimetanuka mbali zaidi kuliko nomino yake, na anayekifuata kwa kupitia nomino atakwama kwenye sentensi ya kwanza inayotaja kiti, chakula au sukari. Basi la Musoma likiwa limejaa nusu, abiria mgeni akauliza kwa Kiingereza kama kiti fulani ni "free", hakusudii kupanda bila nauli. Anataka kujua kama kina mtu.

Wachina wana tatizo hilihili, na namna linavyotatuliwa katika kamusi zao inafaa kuchunguzwa. Hazimpi mwanafunzi neno moja la kubeba kila kitu. Mtu au nchi "free" ni ziyou, yaani huru. Bidhaa "free" ni mianfei, isiyolipiwa. Mtu mwenye wakati husemwa you kong, na maneno hayo mawili yana maana ya kuwa na nafasi, sawasawa na tunavyosema sisi. Kinywaji "sugar-free" huchukua wu, neno la kukanusha, kama "bila" yetu. Kinachoamua ni nomino iliyo jirani: ikitajwa nchi unakwenda huku, ikitajwa tiketi unakwenda kule. Kwa hiyo mwanafunzi hakariri orodha ya maana. Anajifunza kutazama kivumishi kimekaa na nani.

Mtu atapinga kwamba Kichina na Kiswahili havina undugu wowote. Ni kweli, na undugu hauhitajiki hapa. Kinachohitajika ni lugha mbili kupasuka mahali palepale ambapo Kiingereza hakikupasuka, na hilo lipo. Ulinganifu unafika hata mahali pasipotarajiwa. "Bure" yetu ina sura mbili: kula bure ni kula bila kulipa, kuhangaika bure ni kuhangaika bila faida. Kichina nacho kina bai, ambalo likitangulia kitenzi cha kula hudokeza kutolipa, na likitangulia kitenzi cha kwenda hudokeza safari iliyopotea. Mchina na mwanafunzi wetu wa Bunda wanaosoma Kiingereza wamo katika hatari ileile ya kuandika "free" wanapotaka kusema kwamba wamesumbuka pasipo matokeo. Kiingereza kinazo sura hizo mbili pia, ila kimezipa nyumba nyingine: "for nothing".

Faida ya mbinu hii ya kutazama jirani wa kivumishi inaonekana wazi kwenye sera. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika elimumsingi ya shule za umma, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mitaani ikaitwa elimu bure. Kwa Kiingereza huandikwa "fee-free education". Tofauti si ya mapambo. "Free" ikisimama peke yake mbele ya "education", msomaji ana haki ya kudhani hakuna gharama yoyote. Ikifuata nomino kwa kistari, kinachoondolewa ni kile tu kilichotajwa kabla ya kistari, yaani ada, na mzazi bado ananunua sare na madaftari. Kwa Kiswahili hiyo ni "elimu bila ada", na mwanafunzi anayejua kwamba "free" ya mwisho ni "bila" hatahitaji kuelezwa mara mbili. Mzazi aliyeahidiwa "bure" naye angeelewa malalamiko yake yanatoka wapi.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza, tafsiri ikae nje ya darasa. Lakini tafsiri haikai nje. Mtoto anayekatazwa kutafsiri kwa sauti hutafsiri kimoyomoyo, na hutumia lile neno moja alilopewa siku ya kwanza. Hoja hapa ni idadi na ubora wa tafsiri, kwa sababu kuwepo kwake hakuzuiliki. Ninachokubali ni kwamba mgawanyo huu una kingo zake. "Feel free to ask" haiingii vizuri popote kati ya yale maneno manne, huru, bure, nafasi na bila, na ile "jisikie huru kuuliza" inayosikika maofisini ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mswahili husema "uliza tu".