Usugu ni wa Nani? Uhakiki wa Istilahi za Bakteria, Virusi na Dawa

Istilahi ya sayansi hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa na wataalamu, ambao hutazama kama imeundwa kwa kufuata kanuni za lugha na kama inalingana na dhana iliyokusudiwa. Mara ya pili hupimwa na mtu asiyejua kwamba anapima: mgonjwa aliye mbele ya mganga, muuza dawa, mkulima anayesomewa fomu ya ridhaa kabla ya kutoa makohozi yake kwa uchunguzi. Istilahi nyingi hufaulu mtihani wa kwanza. Chache ndizo zinazofaulu wa pili. Katika makala hii tumekusudia kuhakiki kikundi kidogo cha istilahi kinachohusu bakteria, virusi na dawa, na kuonyesha kwamba baadhi yake, ingawa ni za Kiswahili safi, humpeleka msikilizaji mahali pasipokusudiwa.

Mifano yetu tumeielekeza Mbeya na Iringa, na tunayo sababu. Miji hiyo imo katika Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi ya Juni na Julai huja pamoja na mafua na vikohozi. Isitoshe, Mbeya ni makao ya kituo kimojawapo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kituo hicho kimeshiriki katika utafiti mkubwa wa kifua kikuu na UKIMWI. Miongoni mwa kazi hizo ni majaribio ya kutibu kifua kikuu kwa kiwango kikubwa zaidi cha rifampisini, yaliyofanyika Tanzania na Afrika Kusini na ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Penye utafiti wa namna hiyo pana fomu za ridhaa, dodoso, mabango na mafunzo ya wauguzi, na vyote hivyo huhitaji Kiswahili. Basi mfasiri wa huko hana anasa ya kuahirisha neno.

Tuanze na kisa kidogo. Tukiwa Iringa, katika duka moja la dawa muhimu, tulimsikia kijana akimwamkia mwenye duka, mama wa makamo, kisha akasema: “Mama, naomba zile rangi mbili. Mafua yamenikamata.” Mama akamjibu kwa upole: “Hizo si dawa za mafua, mwanangu. Utajitia usugu bure.” Kijana akafikiri kidogo, akasema: “Basi nipe kali zaidi, mama, maana hizi mwili wangu umekwisha kuzizoea.”

Mama yule alisema kweli na alitumia neno lililosanifiwa. Lakini onyo lake lilimfikia kijana likiwa limegeuka kuwa ushauri wa kununua dawa kali zaidi. Kosa halikuwa la mama, wala hatuwezi kusema lilikuwa la kijana peke yake. Neno *usugu* lilitamkwa bila mwenyewe, na kijana akajichukulia yeye.

Yafaa tulitazame neno lenyewe. *Sugu* kwa asili ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile iliyomo katika kiganja cha mtu aliyeshika jembe miaka mingi. Kutokana na maana hiyo tumepata *mhalifu sugu*, yaani asiyesikia adhabu, na *tatizo sugu*, yaani lisiloondoka. Ni taswira nzuri, nayo ndiyo iliyowavutia wafasiri wetu. Hata hivyo taswira hiyo ina walakini mbili. Kwanza, kiganja ni sehemu ya mwili. Basi anayeambiwa habari za usugu hufikiri kwamba kilichokuwa kigumu ni mwili wake, kwa kuwa ndio uliosuguliwa na vidonge. Pili, kiganja kinachoota sugu ni kile kile kilichokuwa laini jana, lakini bakteria hawawi sugu kwa njia hiyo.

Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini ataelewa mambo yalivyo kwa mfano wa shamba kuliko kwa mfano wa kiganja. Palizi ikifanywa haraka, magugu dhaifu hung'oka, na yale yenye mizizi mirefu hubaki. Hayo yaliyobaki ndiyo hutoa mbegu, na msimu unaofuata shamba zima huwa la magugu ya mizizi mirefu. Ndivyo ilivyo kwa bakteria. Katika kundi kubwa hutokea wachache ambao maumbile yao yamebadilika hata dawa haiwaui. Dawa huwamaliza wenzao. Wao hubaki na nafasi tele, wakazaana. Zaidi ya hayo, bakteria mmoja aweza kumpa mwingine vinasaba vya usugu, hata kama si wa jamii yake. Aliyekuwa sugu, basi, ni bakteria. Mwili haukuzoea kitu, na dawa haikubadilika.

Kwa kipimo hicho tuzitazame kauli zinazotumika. *Usugu wa dawa* husikika kila mahali, redioni na katika semina. Kisarufi kauli hiyo yasema kwamba dawa ndiyo yenye usugu, kama vile *uchungu wa dawa* ni uchungu uliomo katika dawa. Kauli ya *dawa sugu* ni mbaya zaidi, kwani msikilizaji aweza kuidhania kuwa sifa njema, dawa isiyoshindwa. *Usugu wa vimelea dhidi ya dawa*, ambayo ndiyo kauli ya maandishi rasmi, ndiyo iliyo sahihi: inamtaja mwenye usugu na inataja kinachokabiliwa. Twaipongeza. Dosari yake ni urefu tu, na urefu huo umeleta matatizo mengine tutakayoyataja.

Kauli ya *kifua kikuu sugu* inastahili aya yake. Wataalamu hukusudia ugonjwa unaoletwa na bakteria wasiouawa na dawa. Na uleule unaoitwa sugu kwa dawa nyingi ni ule ambao bakteria wake hawafi walau kwa isoniazidi na rifampisini, dawa mbili zilizo nguzo za tiba ya kawaida. Lakini katika Kiswahili cha kila siku *ugonjwa sugu* ni ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari au pumu. Kwa hiyo mgonjwa hudhani ameambiwa kwamba atakaa na kifua chake maisha yake yote, hali ugonjwa huo unatibika. Tena kuna wagonjwa ambao hawakupata kumeza dawa ya kifua kikuu hata siku moja. Wameambukizwa na mtu aliyekwisha kuwa na bakteria sugu. Mtu huyo akiambiwa ana usugu, jirani zake watasema alikuwa mvivu wa kumeza dawa. Tiba ya ugonjwa huo ilipoanza nchini mwaka 2009, ilitolewa katika hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, mwendo mrefu kutoka Mbeya. Si vema mgonjwa kuongezewa lawama isiyo yake kwa sababu ya kivumishi kimoja kilichowekwa pasipo mahali pake.

Sasa tuje kwenye kifupisho. Kauli ndefu iliyotajwa hapo juu imefupishwa kuwa UVIDA. Tunafahamu haja ya vifupisho. UKIMWI na VVU vimelitumikia taifa vizuri. Lakini kifupisho hakizaliwi peke yake. Huzaliwa katika ukoo wa vifupisho vilivyokwisha kuwamo katika masikio ya watu. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini Machi 2020, ulikuja kupewa jina la UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona. Katika UVIKO, *U* ni ugonjwa na *VI* ni virusi. Katika UVIDA, *U* ni usugu na *VI* ni vimelea. Mwananchi aliyelizoea la kwanza atalisikia la pili kuwa ni ugonjwa mwingine wa virusi, na kuuliza dalili zake ni zipi. Hilo ndilo jambo ambalo elimu ya afya inapigana nalo, maana moja ya mizizi ya usugu ni watu kumeza dawa za bakteria kwa magonjwa ya virusi. Tunashauri kifupisho hicho kibaki katika majalada ya ofisi, na kisipelekwe kwa wananchi bila maelezo.

Neno *vimelea* nalo lahitaji tahadhari. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kumtegemea kingine, na kwa upana huo neno lafaa kutaja bakteria, virusi, fangasi na vijidudu vya malaria kwa pamoja. Katika sera, ambako wote hao hukusudiwa, neno ni zuri: hata virusi vya UKIMWI na vijidudu vya malaria huweza kuwa sugu kwa dawa zake. Lakini katika duka la dawa neno la jumla huficha tofauti ambayo ndiyo roho ya jambo. Amoksilini huua bakteria. Haina la kufanya kwa virusi vya mafua. Anayeambiwa tu kwamba ana vimelea katika njia ya hewa ana haki ya kuomba dawa ya vimelea. Hali ni hiyo hiyo kwa *vijidudu* na *vijasumu*.

Hapa lugha yetu ina akiba ambayo wafasiri hawajaitumia vya kutosha. Bakteria ni kiumbe hai, na waandishi waangalifu humpa upatanisho wa viumbe hai: bakteria *huyu*, bakteria *hawa*. Virusi, kwa kuwa neno lenyewe lilitua katika ngeli ya KI-VI, lilipata umoja wa *kirusi*, kama vile *kitabu* kilichotoka Uarabuni kilivyopata *vitabu*. Basi twasema virusi *hivi*. Wapo wanaochanganya, wakasema “bakteria hizi” na “virusi hii”. Sisi twaona kwamba upatanisho huu ulindwe kwa bidii, si kwa ajili ya usanifu pekee. Mwanafunzi anayeandika “bakteria *wameuawa*” na “virusi *vimebaki*” anakumbushwa na sarufi yenyewe kwamba ana vitu viwili tofauti mbele yake.

Kuhusu dawa zenyewe, maneno yanayoshindana ni *antibiotiki*, *antibayotiki* na *kiuavijasumu*. Mawili ya kwanza hayamwambii mgeni kitu. La tatu limeundwa kwa kanuni nzuri, ile iliyotupa *kiuatilifu* na *kiuagugu*, ambayo wakulima wa Mbeya na Iringa wanayajua kwa kuwa wanayabeba mgongoni katika bomba. Kasoro yake ni *vijasumu*, ambalo halitenganishi bakteria na virusi. Kwa kanuni ile ile twapendekeza *kiuabakteria*, na kwa msemo mwepesi *dawa ya bakteria*. Daktari aweza kupinga kwamba baadhi ya dawa hizi, tetrasaiklini mathalani, haziui bali huzuia bakteria wasizaane. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo jina halilazimiki kubeba kila tanbihi. Likimzuia mtu kumeza dawa ya bakteria kwa ajili ya virusi, limekwisha kufanya kazi yake. Kwamba yawezekana kuwa sahihi na mwepesi pamoja, tunao ushahidi: *dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI*. Aliyechagua *kufubaza* badala ya *kuua* aliieleza sayansi nzima kwa kitenzi kimoja.

Katika maabara pia kuna maneno ya kuangaliwa. Kukuza bakteria kutoka katika makohozi ili wachunguzwe huitwa *kuotesha*, neno zuri linaloeleweka hata na asiyesoma. Nasi tumewahi kukuta tafsiri iliyoandika *utamaduni wa makohozi*, kosa linalotokea mfasiri anapofuata kamusi bila kuuliza kazi inayofanywa. Vivyo hivyo kusema bakteria ni *msikivu kwa dawa* ni kumpa masikio. Yatosha kuandika kwamba dawa hiyo *inamuua* au *haimuui*.

Kwa muhtasari tunapendekeza haya. Kwanza, neno *usugu* lisitumike bila kumtaja mwenye usugu. Tuseme *bakteria sugu* na *usugu wa bakteria kwa dawa*, na *usugu wa dawa* iachwe. Pili, badala ya *kifua kikuu sugu*, mgonjwa aambiwe *kifua kikuu cha bakteria sugu*, pamoja na neno la faraja kwamba kinatibika. Tatu, *vimelea* ibaki kuwa istilahi ya jumla, na panapohusika tiba itajwe *bakteria* au *virusi*. Nne, *kiuabakteria* ijadiliwe kwa ajili ya kusanifiwa.

Huenda wengine wakaona tunabishania silabi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Nasi tumekwisha kuandika *wasiosikia*, kinyume cha shauri letu wenyewe. Mazoea hayaachwi kwa siku moja. Hatusemi kwamba istilahi itawaokoa watu hao. Twasema tu kwamba kijana yule wa Iringa, kama angeambiwa, “Mwanangu, mafua ni ya virusi, na dawa hii ni ya bakteria, ukiimeza bure utawaachia nafasi bakteria wasiouawa nayo,” asingekuwa na sababu ya kuomba kali zaidi. Walimu, wafasiri na watumishi wa afya wenye maneno bora kuliko haya yetu tunawaomba watuletee, ili yajadiliwe.