Mtoto Asiyetajwa Mwishoni

Kila ninapomaliza kusoma The Winter's Tale ya Shakespeare hubaki na swali moja: Mamillius je? Wengi huisifu tamthilia hii kwa upatanisho wake. Mfalme Leontes wa Sicilia anapandwa na wivu usio na msingi, anamfunga mkewe Hermione, na kichanga chao, Perdita, anaamuru kitupwe mbali. Miaka 16 baadaye binti anarudi, sanamu ya mama inapata uhai, muziki unapigwa. Sawa. Lakini mrithi wa kiti, mvulana mdogo, alishakufa, na hakuna aliyemrudisha.

Tazama anavyoondoka. Mara ya mwisho tunapomwona, mama yake anamwomba hadithi, naye anachagua ya huzuni, kwa kuwa ndiyo inayofaa msimu wa baridi. Anaanza na mtu aliyeishi kando ya makaburi, kisha anamsogelea mama sikioni ili wanawake wengine wasisikie. Paukwa imeitikiwa, hadithi haijafika popote, baba anaingia. Hatumsikii tena. Kifo chake kinaletwa na mtumishi kwa maneno machache, pale pale Leontes anapoukana utabiri wa Apollo, uliosema mfalme ataishi bila mrithi kilichopotea kisipopatikana.

Basi Perdita akipatikana, ufalme una mrithi na hesabu imefungwa. Hermione akiamka anasema na binti yake tu; jina la mwana halimtoki. Kwetu mama akiulizwa ana watoto wangapi atakwambia, "Wawili, mmoja katangulia." Hermione hamhesabu. Zamani niliona huo ni uzembe wa mwandishi. Siku hizi sioni hivyo, kwa sababu ya tukio dogo kabla ya mwisho: Paulina anakumbusha kwamba Mamillius na Florizel, mwana wa mfalme wa Bohemia, hawakupishana hata mwezi kuzaliwa. Leontes anamsihi anyamaze, kwani mtoto akitajwa kwake ni kama anakufa upya. Ukimya wa mwisho umeombwa na aliyesababisha kifo.

Tamthilia ilikuwa jukwaani London tangu 1611. Novemba 1612 akafa Henry, mwana mkubwa wa Mfalme James I, akiwa na miaka 18. Februari 1613 dada yake Elizabeth akaolewa na Frederick wa Palatinate, na katika msimu huo wa sherehe mchezo huu ulikuwa miongoni mwa iliyoigizwa mbele ya watu wa ikulu. Hebu fikiria hadhira iliyotoka matangani juzi ikitazama mrithi akifa nje ya jukwaa! Kiti kilimwendea mdogo wake Charles, aliyekatwa kichwa 1649. Mwaka 1714 taji likamfikia George I, ambaye nyanya yake mzaa mama alikuwa Elizabeth, yule bibi harusi. Nasaba iliokolewa na binti aliyepelekwa mbali, kama Sicilia.

Waongozaji wengine humpa mwigizaji mmoja nafasi ya Mamillius na ya Perdita, ili sura ya mvulana irudi mwishoni. Nauelewa uamuzi huo, ila siupendi. Unampa Leontes mtoto ambaye Shakespeare alimnyima.