Kicheko Kilichonikwama

Vita havina macho, walisema wahenga. Na filamu nyingi za vita nazo ni vipofu. Three Kings ya David O. Russell (1999) inaona. Ni Machi 1991, Iraki: vita vimekwisha, askari wanne wa Marekani wanaifuata dhahabu iliyoporwa Kuwait. Nilicheka sana. Ghafla kamera ikaingia mwilini, ikaonyesha risasi ikipasua na nyongo ikijaa. Baadaye Mwiraki anayemtesa mmoja wao anamweleza jinsi bomu lilivyomuua mwanawe mchanga. Kicheko kikanikwama. Na wale raia walioitikia wito wa Marekani wakaasi, kisha wakaachwa wauawe? Mwishowe dhahabu inatolewa ili wakimbizi wavuke kuingia Iran. Niliinuka nimefurahi, lakini nikiona haya.