Utungo Usio na Kituo

Kila fani ya maneno ina njia ya kumwita msikilizaji na njia ya kumpa ruhusa ya kwenda zake. Mtambaji hufungua kwa "Paukwa", akajibiwa "Pakawa", na mwisho hutangaza kuwa hadithi yake imekwisha. Mshairi hufunga ubeti kwa kituo. Kushika usikivu wa watu si kosa. Ndiyo kazi ya kwanza ya sanaa. Swali la mhakiki ni hili: aliyeshikwa huachwa lini, na huachwa katika hali gani?

Swali hili lastahili kuulizwa leo katika nyanda za juu za Kigoma. Huko Kasulu na Kibondo, kijana huweza kuketi jikoni karibu na bibi yake, sikio moja likiwa kwa bibi na macho yote yakiwa katika kioo cha simu. Ni watambaji wawili wanaomgombea msikilizaji mmoja, na silaha zao si sawa.

Hila ya kumnyima msikilizaji mwisho ni kongwe. Shahrazadi wa Alfu Lela u Lela aliikata hadithi mahali penye utamu ili auokoe uhai wake. Walakini aliikata kulipopambazuka, mfalme akaondoka kwenda kuamua mambo ya watu. Kila usiku ulikuwa na kituo chake, na baada ya usiku wa mwisho mfalme alikuwa mtu bora kuliko alivyokuwa kwanza. Hila yake ilimponya aliyetegwa.

Wasanifu wa mitandao ya kijamii wameichukua nusu ya hila hiyo, wakaiacha nusu ya pili. Mwaka 2006 Aza Raskin, msanifu wa Marekani, alibuni ukurasa usio na tako: kila kidole kinapousukuma, habari nyingine hutokeza chini. Baadaye aliijutia kazi yake hadharani. Huondolewa pale mahali padogo ambapo msomaji angepumua na kujiuliza, "Je, niendelee?" Juu ya hayo imeongezwa bahati nasibu. Mwanasaikolojia B. F. Skinner (1904–1990) alionyesha kwa njiwa kwamba malipo yajayo bila utaratibu humfanya mnyama adonoe kwa bidii zaidi kuliko malipo yenye kawaida. Msomaji naye hupitia mambo kumi ya upuuzi, kwa kuwa la kumi na moja huenda likawa tamu.

Lililo zito zaidi ni ile nukta nyekundu. Katika wilaya ya Kasulu imo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Kwa mtu aliyeachana na nduguze vitani, ujumbe mmoja waweza kuwa habari ya uhai au ya kifo. Nukta ile huwaka kwa rangi ile ile kwa salamu ya mama na kwa mzaha wa mtu asiyejulikana. Katika lugha hiyo ni kosa la fasihi kabla ya kuwa kosa la maadili, maana huita kila jambo kwa sauti ya msiba, nayo humfundisha msikilizaji kutopambanua.

Yamkini mtu atasema kuwa simu ina manufaa, na kwamba mwenye nayo ana hiari ya kuizima. Ni kweli: mfanyabiashara wa maharage hujua bei kwayo, na jamaa walio mbali hukutana. Lakini manufaa hayo hayahitaji ukurasa usio na tako, wala hiari haina nguvu palipofichwa mlango wa kutokea. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika katika wilaya hizi, jambo la heri. Na palipo na umeme, betri si kituo tena. Kilichobaki ni kifurushi. Utungo ambao hukoma kwa kuishiwa fedha tu si utungo uliokamilika.

Basi mwanafunzi aliyefunzwa kuhesabu mizani na kuvichungua vina afunzwe pia kukisoma kioo: ni nani aliyekitunga, kinaita kwa sauti gani, na kituo chake ki wapi. Bibi wa Kibondo akimaliza hadithi huwaambia wajukuu wakalale. Katika neno hilo dogo mna heshima kwa msikilizaji, na heshima hiyo ndiyo ambayo kioo bado hakijajifunza.